Usingizi wa Ukoo

Walimpigia makofi. Watu wazima, na suruali zao zilizopigwa pasi, walisimama katika ukumbi mdogo wa ofisi pale Mbeya mjini wakampigia makofi Atupele Mwasomola kwa sababu ya orodha ya majina. Naye akatabasamu, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayeona haya, maana ndivyo anavyotakiwa kufanya mtu anaposifiwa. Haya yenyewe, ile ya kweli, ilikuwa bado njiani.

"Hii ndiyo iliyotuokoa," alisema mkurugenzi, Bwana Chaula, akiigonga kwa kidole skrini iliyokuwa ukutani. "Mitambo tulikuwa nayo. Sheria tulikuwa nayo. Watu wa kutoa ndio hatukuwa nao. Dada huyu akatukumbusha sisi ni watu wa namna gani."

Tuseme ukweli, programu yenyewe ilianza kama kitu cha kawaida kabisa. Iliitwa Zamu. Dereva wa lori anawasha simu, anabonyeza Naanza Kazi, akisimama anabonyeza Napumzika, na mwisho wa safari tajiri wake na askari wa barabarani wanaona ameendesha saa ngapi na amelala saa ngapi. Atupele aliichora mwenyewe, kitufe kwa kitufe, akahakikisha vitufe ni vikubwa, maana kidole cha dereva si kidole cha karani. Madereva wakaanza kuidanganya wiki ileile ya kwanza. Mtu anabonyeza Napumzika huku anateremka mlima na tela lake limejaa saruji. Ndipo serikali ikaleta bangili. Inavaliwa mkononi, inausoma mwili, na mwili usipokuwa umepumzika lori haliwaki hata ulipigie magoti. Ajali zikapungua, hilo hakuna anayebisha. Ila na mizigo nayo ikawa inaoza njiani, madereva wakafukuzwa, matajiri wakalia kama watoto.

Halafu wataalamu wakagundua kwamba usingizi unahamishika.

Mtu akivaa bangili akalala Tukuyu, mwenzake aliyevaa bangili pacha huko Chalinze anaupokea usingizi ule akiwa ameketi kwenye kiti, amefumba macho kwa muda mfupi tu, akayafumbua ni mwepesi kama aliyelala usiku kucha. Yule aliyelala anaamka amechoka vilevile alivyolala. Mwili umelala, faida imekwenda Chalinze. Sheria ikasema ni ruhusa, mradi mtoaji awe ndugu wa dereva, atoe fungu moja tu kwa usiku, yaani nusu ya usingizi wake, na atoe kwa hiari yake.

Kwa hiari, watu hawakutoa. Nani mwenye akili zake atoe usingizi? Kaka anakupigia simu kutoka Mikumi anakuomba, nawe unamwambia pole kaka, leo mtoto anaumwa, kesho labda. Malori yakalala barabarani. Kampuni ikawa inakaribia kufunga milango, na hapo ndipo Atupele alipokuja na wazo lake. Alikuwa ametoka kwenye kamati ya harusi ya binamu yake, akaona jinsi grupu linavyofanya kazi. Mweka hazina anabandika majina. Aliyetoa ana tiki ya kijani, asiyetoa amekaa mwekundu chini kabisa, mbele ya wajomba na mashangazi. Hakuna anayemgombeza, hakuna haja ya kumgombeza. Kabla jua halijazama ameshatoa. Atupele akaichukua orodha ile kama ilivyo, akaiingiza ndani ya Zamu. Tangu hapo, kila jioni, katika grupu la kila ukoo wenye dereva, majina yalijipanga yenyewe. Kijani juu, nyekundu chini. Malori yakaondoka.

"Na sasa tunapanda ngazi nyingine," Bwana Chaula akaendelea. "Toleo jipya linaitoa orodha kwenye ukoo na kuionyesha hata kwenye kwaya, jumuiya, msikiti, mpaka vikoba. Dada Atupele, idhini yako tu ndiyo imebaki. Ukiibonyeza leo, kesho iko hewani."

"Nitaibonyeza," Atupele alisema.

Simu yake ikatetemeka mezani. Alikuwa Shangazi Subilaga, dada wa marehemu baba yake, aliyehamia kwa mama pale Tukuyu tangu baba afariki. Shangazi hakuwa mtu wa kupiga simu saa za kazi. Atupele akatoka nje ya ukumbi akaipokea.

"Njoo nyumbani," shangazi alisema. "Mama yako ameungua mkono. Amesinzia jikoni akiwa amesimama."

*

Tukuyu kulikuwa na ukungu, kama kawaida yake, na mvua ile nyepesi isiyojua kuanza wala kuacha. Atupele alimkuta mama yake sebuleni, mkono wa kulia umefungwa bendeji kutoka kwenye vidole mpaka karibu na kiwiko. Mama alikuwa mwanamke mnene wa kucheka. Leo nguo zilimpwaya, na macho yalikuwa yameingia ndani kama ya mtu aliyefiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani amekuita? Subilaga, umemtoa mtoto kazini kwa ajili ya kidonda hiki?"

"Wifi, sikiliza," shangazi alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mkono wako ulikuwa ndani ya sufuria ya maharage. Yanachemka. Na wewe umelala. Hukuamka mpaka nilipokuvuta. Mimi nimezika watu wengi, lakini jambo kama hilo sijaliona."

Mama akatazama pembeni. Shangazi akamvuta Atupele hadi kwenye korido, akashusha sauti, ingawa nyumba ile ni ndogo na kila kitu kinasikika.

"Daktari amesema mwili wake unalala lakini haujapumzika kwa miezi. Amesema akiendelea kutoa, safari ijayo haitakuwa mkono, utakuwa moyo. Kasema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Nimemwambia mama yako aache. Anasema hawezi, jina litakuwa jekundu. Sasa wewe mwambie. Wewe anakusikiliza."

"Nitamwambia, shangazi."

"Ninyi wawili ndio mfano wa ukoo huu, nakwambia. Juzi nilimwambia yule kijana wetu Gwakisa kwenye grupu, mbele ya wote. Nikamwambia, mwangalie Atupele, ana kazi kubwa mjini, ana mambo yake, lakini hajawahi kuangusha hata siku moja. Kijani, kila siku kijani. Wewe unayeshinda kijiweni, kutoa usiku mmoja tu unalalamika wiki nzima." Shangazi akamshika bega. "Mungu akuongezee, mwanangu."

Uso wa Atupele ulipata moto mpaka masikioni, akashukuru kwamba korido haikuwa na taa.

Maana hajawahi kutoa. Hata usiku mmoja. Wafanyakazi wote wa Zamu walikuwa na kitu kinachoitwa msamaha. Hawatoi usingizi, lakini jina kwenye orodha ya ukoo linabaki kijani. Bwana Chaula alisema mchoraji aliyechoka anakosea, na kosa lake linakwenda kwa madereva nchi nzima. Kisha akasema ukoo ukiona mtu wa kampuni yenyewe ni mwekundu, nani atatoa tena? Maneno yalikuwa na mantiki. Atupele ndiye aliyeichora ile swichi ndogo ya msamaha, akaiweka ndani kabisa ya programu, mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki, na jina la kwanza kuwekwa pale lilikuwa lake. Alijiambia ni kwa muda tu. Kisha akazoea. Alikuwa analala usingizi wake wote, mzito, mtamu, na asubuhi anasoma kwenye grupu jinsi anavyosifiwa, anajibu kwa kikaragosi cha mikono iliyokutanishwa.

Jamani, mtu anaweza kuzoea kitu chochote.

Alirudi sebuleni akaketi karibu na mama, akatoa simu. Kazi yake ilimruhusu kufungua kumbukumbu za mtu yeyote, nayo akaitumia ruhusa hiyo kwa mama yake mzazi kama vile anakagua mteja. Akasoma. Akarudia kusoma.

"Mama, mbona unatoa mafungu mawili?"

"Mafungu gani?"

"Kila mtu anatakiwa fungu moja kwa usiku. Wewe unatoa mawili. Umebonyeza mpaka pale penye onyo jekundu, ukalipita. Kila usiku."

"Mimi nimezeeka, usingizi wa nini?" Mama aliivuta kanga begani kwa mkono mzima. "Njia ya kaka yako ni ndefu. Umekula?"

"Fungu la pili ni la nini, mama?"

"Nimekuuliza umekula? Subilaga, mpakulie mtoto."

Ndivyo mama alivyokuwa akifunga mazungumzo tangu Atupele akiwa na sare za shule. Ukimwona mama anataja chakula, ujue mlango umeshapigwa komeo. Sahani ikaletwa, ndizi na maharage. Ni yale maharage ya asubuhi. Atupele akayatazama na hakuweza kuyatia mdomoni.

*

Ambokile, kaka yake, alifika mchana, na lori lake halikusikika, maana malori ya betri hayana kelele. Walishtukia tu ubavu wake umejaa dirishani. Alikuwa anateremka na mbolea kwenda mpakani Kasumulu, na barabara inapita hapohapo chini ya nyumba yao, kwa hiyo alipopata habari hakuhitaji hata kukata kona. Aliingia, akamtazama mama yake, akaushika ule mkono uliofungwa kana kwamba ni kifaranga. Kisha akatoka nje, na Atupele akamfuata.

Alimkuta ameegemea tairi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Alikuwa mtu mrefu, mpole, na leo alionekana mzee kuliko umri wake. "Limezima. Lilinifikisha hapa likazima. Linadai fungu moja ndipo liwake. Nilikuwa nalitegemea la mama, na yeye ndiyo hivyo, ameungua. Mpaka unafungwa jioni. Nisipovuka, tajiri amesema usukani anampa mtu mwingine. Sio mara ya kwanza kuchelewa."

"Mama hatatoa tena."

"Hatatoa tena. Hata akija hapa ananililia, sipokei. Heri nirudi kulima."

Atupele aliitazama simu yake. Ujumbe wa Bwana Chaula ulikuwa unasubiri: *Dada, tunangoja idhini tu.* Akili yake ilikuwa inakwenda mbio tangu sebuleni, na sasa ikasimama mahali.

"Kaka, naweza kuiondoa orodha," alisema. "Toleo jipya liko mikononi mwangu. Badala ya kuipanua naweza kuifuta. Kwenye koo zote, leo hii. Hakuna mtu atakayeona nani kijani nani mwekundu. Mama hatakuwa na sababu ya kutoa. Anayetaka atatoa, asiyetaka atalala."

Aliposema hivyo moyo ulimwepesika. Alijiona mtu mwema. Wema ule ulikaa kifuani kwa muda mfupi sana, kwa sababu palepale akakumbuka kwamba orodha ikifutwa na tiki yake nayo inafutika, na hakuna atakayejua milele.

Ambokile alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake.

"Ifute," alisema. "Ila usiseme unaifuta kwa ajili ya mama."

"Una maana gani?"

Ambokile alianza kupangusa matope kwenye kioo cha pembeni kwa kiganja.

"Unajua kwamba usingizi una harufu?"

"Sisi tunaita masalia. Ni mabaki ya ndoto za mtoaji, yanahama pamoja na usingizi. Wataalamu walilipima hilo, halina madhara."

"Haya, masalia. Sisi barabarani tunasema harufu, na kila dereva anazijua za kwao. Wa shangazi ukija nasikia kwaya. Miguu inataka kucheza hapo kwenye pedeli. Wa Gwakisa una mpira, kuna mtu anakosa penalti ileile kila siku, mpaka namwonea huruma. Wa mama una ukungu, na mtu anayepepeta mchele huku anatuita tuingie ndani." Aliacha kupangusa. "Wako sijawahi kuupata, Atu."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Watu husema hivyo ovyo tu, lakini yeye alitazama kabisa chini, kwenye matope, kama mtu anayetafuta pa kuingilia.

"Nilidhani mitambo imekosea," kaka yake akaendelea. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Jina lako kijani, usingizi haufiki. Nikaona haya kukuuliza. Wewe ndiye msomi wetu, nitaanzaje? Nikamuuliza mama. Nilimuuliza tu kama unaumwa."

"Ulimwambia mama."

"Nilimuuliza. Akaniambia nisimwambie mtu yeyote, hata mke wangu. Kuanzia usiku ule usingizi wake ukaanza kuja mara mbili. Nikamwambia mama acha, akalia kwenye simu. Alisema, fungu la Atupele natoa mimi. Ili hata siku ukweli ukitoka, pasiwe na mtu wa kusema kwamba mwanangu alikula usingizi wa wenzake."

Mvua ilikuwa inawanyeshea wote wawili na hakuna aliyesogea.

"Na wewe ukapokea," Atupele alisema. Hakujua kwa nini alisema hivyo. Pengine alitafuta mwenzake wa kubeba.

"Nikapokea," alisema Ambokile. "Nina watoto shuleni. Nikapokea, na kila nilipoamka nilijua ni wa nani. Usinitazame hivyo, najijua."

*

Upande wa wasimamizi wa Zamu, alioufungua kwenye simu palepale kando ya lori, ulikuwa safi na mzuri, ameuchora kwa mkono wake, na sasa aliuona kama nyumba ya mtu mwingine. Kulikuwa na mambo mawili ya kufanya, kila moja na kitufe chake. Kufuta orodha. Kufuta msamaha.

Usimcheke, wewe unayesoma, kwa kusitasita. Angeanza na cha kwanza, kila kitu kingetulia. Mama angelala, malori yangejitafutia njia nyingine, na shangazi angeendelea kumwombea Mungu amwongezee. Na zaidi ya hayo, mama mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Mama alikuwa amemsitiri kwa mwili wake, fungu kwa fungu, mpaka mkono ukaiva kwenye maharage. Kutoka hadharani sasa na kusema ni mimi, si ni kuichukua ile sitara na kuitupa kwenye matope mbele ya macho yake? Mtoto wa namna gani anafanya hivyo? Hayo yote aliyawaza akiwa amesimama pale, na yote yalikuwa na ukweli, na yote yalimfaa yeye. Hilo la mwisho ndilo lililomsuta.

Alimwandikia Bwana Chaula: *Toleo jipya siidhinishi. Hii orodha iliyopo nayo naifuta kesho asubuhi. Leo ibaki, kuna jina watu hawajalisoma vizuri.*

Jibu lilikuja upesi. *Umefikiria madereva wangapi watakosa kazi kesho?*

Lilikuwa swali la haki, na alijua litamngoja. Akashuka mpaka ndani kabisa ya programu, mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki, akaufuta msamaha wake.

Zamu haikusahau kitu, aliitengeneza isisahau. Ilirudi nyuma mpaka usiku wa kwanza, ikajaza kila mahali alipokuwa hajatoa, ikaipanga orodha upya na kuituma kwenye grupu la ukoo wa Mwasomola. Mfukoni mwa Ambokile simu ililia. Ndani ya nyumba nayo ikalia ya shangazi.

Waliingia pamoja. Shangazi alikuwa amevaa miwani, ameisogeza simu dirishani apate mwanga.

"Wifi, hebu angalia," alikuwa anasema. "Jina la Atupele limekuwa jekundu. Limeshuka mpaka chini. Liko chini hata ya Gwakisa."

Mama hakuiangalia simu. Alimtazama binti yake aliyesimama mlangoni, maji yanamchuruzika, na Atupele aliona kwamba mama ameelewa kila kitu palepale. Kisha akamgeukia wifi yake kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mitambo hiyo inakosea kila siku. Zima hiyo simu."

"Inasema hajawahi kutoa. Tangu mwanzo."

"Nimekwambia inakosea, Subilaga. Ni mvua hii, mtandao umeharibika."

"Haijakosea, mama," Atupele alisema. "Niliitengeneza mimi. Sijawahi kutoa."

Shangazi alivua miwani taratibu, akaikunja.

"Mimi nilisinzia kanisani," alisema. "Mbele ya mchungaji, kwenye benchi la mbele, nikakoroma, watu wakacheka. Nikasema si kitu. Nikasema, hata Atupele kule kazini kwake anachoka hivihivi." Akaiweka miwani mezani. "Nilikuwa nakutaja jina, unajua. Ili nipate nguvu."

Akatoka kwenda barazani. Hakubamiza mlango, na Atupele angefurahi kama angeubamiza.

Mama alimgeukia binti yake.

"Kwa nini umesema? Nilikuwa nimeshakutolea. Lako lote nilikuwa nalitoa. Nani alikutuma useme?"

"Ungekufa, mama."

"Basi ningekufa na mtoto anayesifiwa. Sasa nina nini? Nimeungua bure." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ile bendeji, akasahau kwamba inauma, uso ukakunjamana. "Watoto wa siku hizi hamjui hata kupokea."

Atupele alipiga magoti mbele yake. Hakuomba msamaha, maana neno lenyewe lilikuwa limemchukiza. Aliushika mkono wa kushoto wa mama yake, ule mzima, akaanza kuifungua bangili. Mama alikunja ngumi. Ambokile, pale mlangoni, akasema, "Mwachie, mama," na baada ya kitambo ngumi ikafunguka. Chini ya bangili ngozi ilikuwa imechubuka, nyeupe na laini, ngozi ya mahali pasipopata hewa kwa miezi mingi.

Atupele aliiandikisha upya kwa jina lake mwenyewe, akaivaa. Ilikuwa bado na joto.

"Nenda ukakae kwenye lori," alimwambia kaka yake. "Ukianza kufika utasikia."

"Atu, sio lazima iwe leo."

"Mpaka unafungwa jioni. Nenda."

Akaenda kulala kitandani kwa mama yake, mchana kweupe, na nguo zake zilizolowa, blanketi hadi kidevuni. Akafumba macho.

Usingizi ulikataa. Yeye ambaye miaka yote hiyo alikuwa akiweka tu kichwa kwenye mto anaondoka, leo alilala macho makavu chini ya kope. Kutoka barazani alisikia sauti ya shangazi inajibu simu, moja baada ya nyingine, binamu huyu, mjomba yule. "Ndiyo, ni kweli," shangazi alikuwa anasema. "Ndiyo. Hata mimi. Ndiyo, yupo hapa, amelala." Kila "ndiyo" ilimchoma mahali pake. Akajaribu kuhesabu pumzi. Akajaribu kuwaza mto, kwaya, mchele. Bangili ilikaa kimya mkononi, haikupokea kitu, kwa kuwa hakukuwa na kitu. Huko nje lori halikutoa hata mlio. Alimwona kaka yake, ingawa hakumwona, amekaa kwenye usukani, amefumba macho, anangoja harufu ambayo haijui.

Alianza kulia, kwa siri, ubavu mmoja, na kulia nako kukamfukuzia usingizi mbali zaidi.

Mlango ulifunguliwa. Alizijua hatua. Kitanda kilibonyea pembeni, mama akaketi, akahema kama mtu aliyepanda mlima. Atupele hakuthubutu kufumbua macho.

"Siwezi, mama," alisema. "Naona aibu."

"Najua."

"Haunijii."

Mama alilivuta blanketi kwa mkono wake mzima, akalisukumia chini ya mabega ya binti yake, huku na huku, kwa nguvu, kama mtu anayefunga mzigo. Bado alikuwa na hasira, mkono wake ulisema hivyo. Hakumpapasa kichwa, hakumbembeleza.

"Lala, Atupele," alisema. "Nduguyo anasubiri."